Kosa Moja, Hukumu Mbili, Mwandiko Mmoja

SWALI

Shalom, mama mshauri.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee kanisani kwetu, huu ni mwaka wa tisa. Naandaa ajenda, naandika kumbukumbu za vikao, natunza kitabu. Barua za namna hii sijazizoea, lakini kuna kurasa mbili za kitabu hicho ambazo nimezirudia mara nyingi mno, hata sasa kitabu nikikiweka mezani hujifungua chenyewe hapo hapo.

Ukurasa wa kwanza ni wa Februari. Lililetwa jambo la binti mmoja wa kwaya, ana ujauzito na hajaolewa. Baba yake alishafariki. Mama yake ndiye anayefua vitambaa vya Meza ya Bwana. Huvichukua Jumapili jioni na kuvirudisha Jumamosi vimepigwa pasi. Jambo lilikuwa ajenda namba tatu na tulilijadili karibu saa nzima. Binti aliitwa, akasimama karibu na mlango, hakuna aliyemwambia akae. Alikiri, akalia, akaomba msamaha. Habari za mwenzake hakuna aliyeziuliza. Niliandika: "Imeamuliwa aondolewe kwenye huduma kwa miezi sita, asishiriki Meza ya Bwana, na tangazo lisomwe ibadani." Tangazo likasomwa Jumapili iliyofuata, mama yake akiwa benchi la pili.

Ukurasa wa pili ni wa Agosti. Kijana anayeongoza sifa amempa ujauzito binti wa kanisa jirani. Baba yake ni mzee mwenzetu barazani, na fedha za paa na za vyombo vya muziki kwa sehemu kubwa zilitoka kwake. Safari hii hapakuwa na ajenda. Jambo lilipita chini ya Mengineyo, watu wameshafunga vitabu vyao, mmoja ameshashika funguo za gari mkononi. Mchungaji alisema kwa muda wa dakika mbili hivi kwamba kuna suala la kifamilia, ameshaongea na wazazi, tuliweke kwenye maombi. Baba wa kijana alikuwa amekaa nasi pale pale. Nikaandika: "Mchungaji atafuatilia." Jumapili kijana alikuwa jukwaani na kipaza sauti kama kawaida.

Miezi sita ya binti imeshapita. Amejifungua salama, anakuja ibadani, anakaa benchi la mwisho na mtoto wake, na wakati wa Meza hutoka nje. Jambo la kumrudisha kundini bado halijaletwa barazani.

Nilimgusia mchungaji. Alinijibu kwa upole, kwamba la binti lilikuwa linaonekana na watu wote na la kijana halionekani, kwa hiyo kashfa hazikuwa sawa. Akaongeza kwamba hata Bwana Yesu alikuwa na wale watatu wa karibu. Mzee mwingine alinivuta pembeni akaniambia niangalie nisije nikamgusa mpakwa mafuta wa Bwana.

Sisemi kwa wivu. Sina cha kugombea pale. Binti yangu mwenyewe anafundisha shule ya Jumapili, lakini yeye alipewa kwa sababu ana kipaji, kila mtu anajua.

Kurasa zote mbili nimezipiga picha, ziko kwenye simu. Swali langu: nilete hoja kijana naye asomwe ibadani, ili haki ionekane? Au nijiuzulu niwaachie kitabu chao?

Katibu

JIBU

Ndugu Katibu, shalom.

Usilete hoja hiyo. Naanza na hilo kwa sababu nimehisi kidole chako kiko karibu sana na simu.

Naelewa inakotoka. Mtu akiona mizani imelala upande mmoja, mkono unakimbilia kuongeza uzito upande wa pili. Lakini fikiria Jumapili hiyo ikoje. Kijana anasomwa, mama yake anainamisha kichwa kama alivyoinamisha mama wa binti, washirika wanapata cha kuongea wiki nzima, na binti bado yuko benchi la mwisho. Hajapata chochote. Mmekuwa na aibu mbili mahali pa moja, na mmeiita haki.

Tena kuna binti mwingine katika barua yako, yule wa kanisa jirani. Umemtaja mara moja akapotea. Ukisoma jina la kijana wako kwenye kipaza sauti umesoma na la kwake, hata kama hukulitamka.

Hebu tuingie kwenye jambo lenyewe. Wengi tukisikia upendeleo kanisani tunakimbilia Yakobo sura ya pili, ile ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame pale. Inakuhusu, na nitairudia. Ila kwa barua yako mimi nimekumbuka Antiokia, Wagalatia 2, kuanzia mstari wa 11. Petro alikuwa akila pamoja na waamini wa mataifa mengine bila shida. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga, akaondoka mezani kidogo kidogo. Na huyu ni Petro yule yule aliyesimama nyumbani kwa Kornelio akasema kwamba hakika ametambua Mungu hana upendeleo, Matendo 10:34. Mstari ni wake mwenyewe! Aliuhubiri yeye, na bado meza ilimshinda.

Angalia Paulo anavyoeleza kilichomwondoa Petro mezani. Hasemi alikuwa na kiburi, wala kwamba aliwadharau watu wa mataifa. Anasema aliogopa. Mstari wa 12. Nakuomba ukae na neno hilo kabla hujamhukumu mchungaji wako, maana nadhani na yeye hakumpenda kijana kuliko binti. Nadhani aliliangalia paa. Mtu aliyetoa fedha nyingi hahitaji kufungua mdomo. Akikaa tu kwenye kikao, kila anayezungumza anapima maneno. Upendeleo mwingi kanisani ni woga uliovaa sura ya hekima. Mchungaji anajiambia analinda umoja wa kanisa, na labda kweli anaamini hivyo. Sisemi ili umwonee huruma ukanyamaza. Nasema kwa sababu mtu mwenye woga unazungumza naye tofauti na unavyozungumza na mtu mwenye dharau.

Halafu mstari wa 13, na hapa utaniwia radhi. Paulo anasema wengine nao wakajitenga pamoja na Petro, hata Barnaba akachukuliwa na unafiki wao. Barnaba, mtu mwema kuliko wote. Hakuanzisha kitu, alifuata tu. Ndugu yangu, katika barua yako umeandika kwamba wewe ndiye unayeandaa ajenda. Aya chache baadaye umeandika kwamba jambo la kumrudisha binti bado halijaletwa barazani. Nimezisoma sentensi hizo mbili mara tatu nikitafuta ni nani aliyezuia. Miezi sita iliisha Agosti. Ile ile Agosti uliyoandika "Mchungaji atafuatilia." Ungeweka mstari mmoja tu: namba nne, kurejeshwa kwa fulani. Hapakuhitajika ujasiri wa nabii, ilihitajika kalamu unayoishika kila mwezi.

Najua hukufanya kusudi. Ndivyo upendeleo unavyofanya kazi siku zote. Mtoto wa mwenye nafasi husahaulika kosa lake, na mtoto wa mjane husahaulika yeye mwenyewe. Hakuna aliyekaa akapanga.

Sasa hoja za mchungaji, maana zinastahili jibu.

Kwamba la binti lilionekana na la kijana halikuonekana. Hiyo kweli ni ya mwili wa mwanamke, si ya uzito wa dhambi. Wale waliomleta mwanamke kwa Yesu katika Yohana 8 walisema amefumaniwa katika tendo lenyewe. Mtu hafumaniwi peke yake. Sheria waliyokuwa wakiitaja, Walawi 20:10, inataja wawili, mwanamume kwanza. Walimleta mmoja. Barazani kwenu Februari mlimleta mmoja, hamkumuuliza hata mwenzake ni nani. Agosti aliyeonekana alikuwa wa kanisa jingine, basi kwenu pakawa hapana kitu. Kanisa likihukumu kwa kinachoonekana, wanaume wake watabaki watakatifu milele.

Kwamba Bwana alikuwa na watatu wa karibu. Alikuwa nao, ni kweli. Petro, Yakobo na Yohana walipanda naye mlimani na walikuwa karibu naye zaidi Gethsemane. Lakini ukaribu huo uliwapunguzia nini? Katika wote, aliyeambiwa "Nenda nyuma yangu, Shetani" ni huyo Petro. Yakobo na Yohana walipotaka viti vya kulia na kushoto, na kwa Mathayo ni mama yao aliyekwenda kuwaombea kama wazazi tunavyofanya, walijibiwa kwamba si vyake kuvigawa. Kuwa na marafiki ndani ya kanisa si kosa. Mchungaji naye ni mtu. Kosa linaanza pale rafiki anapokemewa kwa sauti ndogo kuliko wengine. Kwa Yesu ilikuwa kinyume, wa karibu ndio waliokemewa kwa sauti kubwa.

Na la mpakwa mafuta. Huu mstari umetumika kufunga midomo mingi kiasi kwamba natamani kila anayeutaja aambiwe aisome Zaburi ya 105 kuanzia mstari wa 12. Wanaozungumzwa pale ni mababa, Abrahamu na uzao wake, wakiwa wachache, wageni, wanahamahama kutoka taifa hadi taifa. Wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme. Mungu anawakemea wenye nguvu kwa ajili ya wanyonge. Wakiupindua ukawa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mama anayefua vitambaa, wameusoma kichwa chini. Na Daudi, ambaye ndiye hasa alikataa kunyoosha mkono wake juu ya Sauli, alitoka nje ya pango akamwita akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamwambia kosa lake mbele ya watu. Hakumgusa. Alisema naye.

Nikirudi kwa Yakobo na kiti chake. Kuna maandishi ya Kikristo ya karne ya 3 yanayojulikana kama Didascalia, yanayodhaniwa kutoka Siria, ni mwongozo wa maisha ya kanisa. Yanamwagiza askofu hivi: akiingia mwenye heshima ya dunia wakati unafundisha, usikatize neno kumtafutia kiti, bali akiingia maskini, hasa mzee, na nafasi hamna, mpishe kwa moyo wote hata kama itabidi wewe ukae chini. Askofu, sakafuni. Niliposoma kwamba binti alisimama karibu na mlango, mjamzito, na chumba kizima cha wazee kina viti, sikuhitaji tena kuelezwa hukumu ilikuwa ya namna gani. Ilishatoka kabla hajafungua mdomo.

Ila usinielewe vibaya, na hapa najisemea na mimi, maana moyo wangu hukimbilia kwa mjane kabla sijasikia upande wa pili. Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini sawasawa na inavyokataza kumstahi mwenye nguvu. Binti alikosa, na kanisa lilikuwa na haki ya kuzungumza naye. Tatizo si kwamba alipewa nidhamu. Tatizo ni kwamba alipewa nidhamu yote na huduma haba, na kijana hakupewa kimoja wala kingine. Kwa maana usidhani kijana alipata rehema. Rehema ina mtu anayekuja kukaa na wewe, anakuuliza unakusudia nini juu ya yule binti na mtoto, anakwambia weka kipaza sauti chini kwa muda, tutatembea nawe. Yeye alipewa ukimya. Eli naye aliwapa wanawe maneno laini, akaambiwa anawaheshimu wanawe kuliko Mungu, 1 Samweli 2:29. Mwisho wa Hofni na Finehasi unaujua.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe.

Kwanza ningekwenda kwa binti na mama yake, kabla ya mchungaji, kabla ya mtu yeyote. Kuna kosa moja baya linalofanywa na wapigania haki wema kama wewe: wanalifufua jambo la mtu bila kumuuliza, anajikuta tena midomoni mwa watu kwa sababu mtu fulani ameamua kumtetea. Muulize anataka nini. Huenda anataka tu kurudi mezani bila neno lolote kusemwa. Huenda anataka lisemwe, pale pale, kwa kipaza sauti kile kile kilichomtangaza. Huenda hataki kusikia habari za kwaya tena. Lolote atakalosema ndilo utakalolibeba barazani. Na mwambie kwamba muda wake ulipita na wewe ndiye mwenye ajenda. Usiseme "sisi." Sema "mimi."

Kisha mchungaji, peke yake, kwa utaratibu wa Mathayo 18. Safari ile "ulimgusia." Kumgusia mtu ni kumpa nafasi ya kukukwepa. Sasa omba muda, nenda na kitabu, fungua kurasa zote mbili umsomee kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kuongeza hata neno. Halafu nyamaza. Nina hakika kubwa kwamba hajawahi kuzisikia zikifuatana. Aliyezisoma hivyo ni wewe tu.

Akiona, mshukuru Mungu. Asipoona, mchukue mzee mmoja au wawili, wale ambao nao waliondoka kikao cha Agosti wakiangalia chini, wapo, hawakosekani. Paulo anamwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, 1 Timotheo 5:19, na ulinzi huo ni wa kiongozi wako dhidi ya fitina. Mheshimu kwa huo. Lakini mistari miwili mbele anamwapisha mbele za Mungu, za Kristo na za malaika wateule asifanye neno lolote kwa upendeleo. Huwezi kuuchukua mstari wa 19 ukauacha wa 21.

Barazani, liweke chini ya Yatokanayo. Hapo ndipo mahali pake. Ni jambo lililoamuliwa na muda wake umeisha, wala si shutuma mpya. Litakuwa na namba, litajadiliwa vitabu vikiwa wazi. Wasomee 2 Wakorintho 2:6-8, ambapo Paulo anawaambia Wakorintho kwamba adhabu waliyompa yule mtu inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni nyingi. Binti wako amekaa miezi kadhaa ndani ya huzuni ambayo hata ninyi wenyewe mlisema imekwisha. Jambo la kijana liombewe kikao cha pekee, baba yake akiwa nje ya chumba. Hilo la kutoka nje lisimame kama kanuni kwa kila mzee, si kwa yule baba tu, liandikwe: anayehusika kwa damu au kwa ndoa hakai. Si wazo langu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 492, haimruhusu mtu wa ukoo wa askofu hadi daraja la nne kuwa kwenye baraza la fedha la jimbo, na wakwe nao wamo. Na kanisa hilo lilijifunza kwa machungu: kwa karne nyingi mapapa waliwapa wapwa zao vyeo na mali, mpaka mwaka 1692 Papa Innocent XII alipotoa amri ya kukomesha. Walioandika kanuni hizo walikuwa wanayajua madhara yake kwa macho.

Na unapoiomba kanuni hiyo, uwe wa kwanza kuivaa. Umesema binti yako anafundisha shule ya Jumapili kwa sababu ana kipaji. Nakuamini. Lakini hilo swali sikuliuliza, ulilijibu mwenyewe. Siku anapangiwa, ulikuwa ndani ya chumba? Uliandika wewe? Kuna mwingine aliyefikiriwa? Ndugu wa kiongozi anaweza kabisa kufaa. Marko alikuwa wa ukoo wa Barnaba, Wakolosai 4:10 inasema. Barnaba alimng'ang'ania, Paulo akamkataa kwa sababu aliwahi kuwaacha njiani, wakatengana kwa ajili yake. Miaka baadaye Paulo huyo huyo anaandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kwa hiyo huenda Barnaba aliona kitu cha kweli. Ila Paulo naye hakukosea kutaka kijana apimwe kwa miguu yake mwenyewe. Liseme la binti yako kwenye kikao hicho hicho, mapema, kabla mtu mwingine hajakusemea. Omba lipitiwe ukiwa nje. Utaona jinsi chumba kitakavyolegea.

Tena wakiuliza mtu wa kusimamia mambo haya apatikane wapi, kumbuka wajane wa Matendo 6. Waliosahaulika katika huduma ya kila siku walikuwa wale wa Wayahudi wasemao Kigiriki. Mitume hawakusema wanaonung'unika wana roho ya uasi. Walikubali, wakataka wachaguliwe saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki, kuanzia Stefano hadi Nikolao. Wengi tunaona humo kwamba upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa ugawaji. Je, barazani kwenu yupo hata mmoja ambaye mtoto wake angesomwa ibadani?

Kujiuzulu, bado. Ukiondoka sasa, nani ataandika kumbukumbu za kikao hicho? Ikifika mahali baraza limekataa kabisa, waambie maoni yako yaingie kwenye kumbukumbu kwa jina lako, na kama kanisa lenu lina ngazi ya juu, peleka huko kwa barua, kwa utaratibu, mkijua wote kwamba umepeleka. Baada ya hapo ukiona huwezi tena kutia sahihi, ondoka mchana, watu wakikuona.

Zile picha zifute leo. Unajijua ulizipiga za nini. Kitabu kipo kabatini na funguo unazo wewe. Picha ina kazi moja tu duniani, nayo ni kutumwa, na siku itakapotumwa jina la binti ndilo litakalosambaa la kwanza, tena na maneno yale ya Februari kwa mwandiko wako.

Jumamosi mama yake atakuja na vitambaa. Uwepo. Kitabu usikibebe, na kabla ya lolote mtafutie kiti.

Mama Mshauri